Tunduma, Mlango wa Mahindi na wa Umeme

Wengi wenu mmelisikia jina la Tunduma. Wafanyabiashara hulitaja kwa ajili ya mahindi na mchele. Madereva wa malori hulitaja kwa ajili ya foleni. Wasafiri hulitaja kwa sababu ndipo nchi yetu inapokoma na Zambia inapoanza. Juzi nilitumwa huko kwa shughuli za ofisi ya parokia. Shughuli ilikwisha kwa siku moja, lakini nilirudi na swali la mzee mmoja kichwani mwangu. Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana linahusu nyumba zetu za vijijini kuliko tunavyodhani.

NJIA ILIYOZOEA MIZIGO

Kutoka Mbeya mjini mpaka Tunduma ni mwendo wa kama kilomita 100. Unapita Mbalizi, kisha kiwanja cha ndege cha Songwe, kisha mlima Senjele ambako kila abiria hunyamaza kidogo kwa kukumbuka ajali zilizotokea hapo. Baada ya hapo unafika Mlowo, Vwawa na Mpemba. Pande zote mbili za barabara ni mahindi, maharage, na ile kahawa ya Mbozi inayosifiwa mbali.

Mkoa wa Songwe wenyewe ni mchanga. Ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa. Lakini ingawa mkoa ni mchanga, watu wake ni wengi, nao wanazidi. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu wasiofika 1,000,000 katika sehemu hizi. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 1,340,000. Mji wa Tunduma peke yake haukuwa na watu 100,000 mwaka 2012. Baada ya miaka kumi walikuwa wamepita 200,000. Basi, nani kati yetu ameona nyumba ikiongeza watoto mara mbili kwa miaka kumi, na chungu cha ugali kikabaki kilekile?

Njia hii imezoea kubeba mizigo ya mataifa. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, Zambia iliona shida kubwa kupitisha bidhaa zake kusini. Ikageuza uso kuelekea kwetu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, kilomita 1,710. Barabara kuu ikatengenezwa. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa nchi mbili mwaka 1976. Na mwezi Oktoba 2019 marais wa nchi zote mbili, John Magufuli na Edgar Lungu, walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Barabara, bomba, reli: hiyo ni mizigo mitatu. Sasa unakuja mzigo wa nne, ambao hauonekani kwa macho wala haupimwi kwa gunia. Ndio umeme.

SWALI LA MZEE

Nilipomaliza shughuli zangu mjini, nilipanda basi dogo kushika njia ya Sumbawanga, nikafika Nkangamo katika wilaya ya Momba. Hapo ndipo panapojengwa kituo kikubwa cha kupozea umeme kwa ajili ya njia mpya iitwayo TAZA, yaani Tanzania na Zambia. Katika kiti cha pili yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia na fimbo.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mwalimu?"

"Nilisomea ualimu, mzee, lakini sasa ni karani wa parokia."

"Basi ni kulekule. Mtu wa karatasi. Niambie, mwanangu: hii minara ya chuma inayosimamishwa imepita katika kipande cha shamba langu. Fidia nimepokea, sina ugomvi na mtu. Lakini jioni nyumbani wajukuu wangu wanasomea kibatari. Sasa huo umeme utakaopita juu ya kichwa changu ni wa nani?"

Nilimjibu kwa maneno machache, maana alikuwa anakaribia kushuka. Lakini jibu langu lilikuwa fupi mno kwa swali lake. Kwa hiyo namjibu vizuri hapa, na ninyi wasomaji mpate kusikia.

KWA NINI MINARA MIKUBWA HIVYO?

Umeme wa mji wa mbali ukiletwa kwa njia ndogo, hupungua nguvu njiani. Waya hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea bure. Fundi yeyote wa mashine ya kusaga iliyo mwishoni mwa njia ndefu atakuambia kwamba jioni, watu wote wanapowasha taa, mota hulegea na taa hufifia.

Dawa ya jambo hili ilijulikana zamani: umeme upandishwe msukumo, ambao hupimwa kwa volti. Msukumo ukiwa mkubwa, mkondo unaopita katika waya huwa mdogo kwa kazi ileile, na hasara hupungua upesi kuliko mkondo wenyewe. Ukipunguza mkondo uwe nusu, hasara haiwi nusu, bali robo. Njia za kawaida tunazoziona zikipita kutoka mji mpaka mji zina volti 33,000. Njia ya TAZA imepangwa kuwa na volti 400,000, yaani mara 12. Kwa waya wa aina moja na kazi moja, mkondo ungekuwa sehemu moja ya 12, na hasara ingekuwa kama sehemu moja ya 144. Ndiyo maana minara ni mirefu na waya ziko mbali na ardhi.

Njia hiyo inatoka Iringa, inapita Kisada karibu na Mafinga, inafika Iganjo Mbeya, halafu Nkangamo, na kuendelea mpaka Sumbawanga. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 600. Mwezi Juni 2018 Benki ya Dunia ilikubali kutoa mkopo wa dola za Marekani milioni 455, na shirika la maendeleo la Ufaransa pamoja na Umoja wa Ulaya nao wakatia mkono. Angalieni basi: tangu fedha zikubaliwe hata nguzo za kwanza zisimame, miaka kadhaa ilipita. Ilibidi kupima njia, kuthamini mashamba, kulipa watu, kutafuta wakandarasi, na kuagiza vyuma ng'ambo.

MKULIMA NA MPANGA UMEME

Hapa ndipo penye siri ya kazi ya shirika la umeme. Mtu anayepanga umeme hufanana na mkulima wa kahawa. Mkulima hapandi mche leo kwa sababu leo ana njaa. Anapanda akijua kwamba miaka mitatu au minne itapita kabla hajachuma, na kwamba mti huo utamlisha hata mtoto wake. Mwenye kungoja mpaka umeme upungue ndipo aanze kujenga, amechelewa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo TANESCO na Wizara ya Nishati wana kitabu kiitwacho Mpango Mkuu wa umeme. Kiliandikwa upya mwaka 2020, nacho kinatazama mbele mpaka mwaka 2044. Kuandika kitabu hicho ni kuhesabu. Watu watakuwa wangapi? Nyumba ngapi zitavutiwa umeme? Wapi patafunguliwa mgodi, kiwanda, hospitali, chuo, mtambo wa kumenya kahawa? Kisha wanauliza swali la pili: ni saa ngapi watu hawa wote watataka umeme kwa pamoja? Maana umeme haupangwi kwa siku ya kawaida. Unapangwa kwa ile saa moja ya jioni ambayo taa, pasi, redio, televisheni na mota zote zinafanya kazi. Kanisa halijengwi kwa kuwahesabu watu wa misa ya Jumatano. Hujengwa kwa kuwafikiria wale wa Noeli.

Tena lazima kuwe na akiba. Mtambo mkubwa waweza kusimama ghafla. Katika bwawa la Julius Nyerere mto Rufiji, mtambo mmoja tu una megawati 235. Huo mmoja unazidi kituo kizima cha Kidatu, chenye megawati 204, kilichokuwa fahari yetu miaka mingi. Asiyeweka akiba, siku mtambo huo ukisimama, atawazimia watu taa mikoa mizima.

GHALA LA JIRANI

Bwawa hilo la Rufiji lina mitambo tisa, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi Februari 2024. Kabla ya mwaka huo kwisha, uwezo wa mitambo yote ya gridi ya taifa ulikuwa umepita megawati 3,000, na mahitaji ya saa ya juu kabisa hayakuwa yamefika 2,000. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya mgawo, tukawa na umeme wa kuzidi.

Lakini sasa sikilizeni kioja. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza kwamba serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu wengi walishangaa. Mbona ghala limejaa, nasi tunakwenda kununua kwa jirani? Jibu alilotoa ni lile la waya na hasara: kuupeleka umeme kutoka mitambo ya mbali mpaka kaskazini hupoteza mwingi njiani, kwa gharama kubwa kila mwaka.

Sisi wa kusini magharibi hatukuwa na sababu ya kushangaa sana. Miaka mingi Rukwa ilikuwa nje ya gridi ya taifa, na umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia, kwa sababu Zambia ilikuwa karibu kuliko Kidatu. Vivyo hivyo Kagera ilipata umeme wake Uganda. Ni kama mkulima wa Ileje ambaye sokoni kwake karibu ni ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, ingawa Vwawa ndiko kwao. Mpaka wa nchi ni jambo moja, na umbali ni jambo jingine.

Tena jirani husaidiana wakati wa ukame. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mvua zilipungua, mabwawa yetu ya Mtera na Kidatu yakashuka, taa zikazimwa kwa zamu, na viwanda vikasimama. Mwaka 2024 zamu ilikuwa ya Zambia. Nchi hiyo hupata sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kwa maji, na Ziwa Kariba lilikauka vibaya. Mwezi Februari mwaka huo Rais Hakainde Hichilema alitangaza kuwa ukame ni janga la taifa. Miji ya Zambia ikakaa gizani saa nyingi kila siku. Mwaka huo huo sisi tulikuwa tunafungua maji ya Rufiji! Laiti njia kubwa ingekuwa tayari imekamilika pande zote mbili, umeme wa kuzidi kwetu ungepita Nakonde ukawafae ndugu zetu, nao wangetulipa.

Hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha. Njia ya volti 400,000 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, kilomita 670, ilikwisha jengwa. Kutoka Singida njia nyingine inapita Namanga mpaka Isinya nchini Kenya, nayo ilianza kupitisha umeme mwezi Desemba 2024. Kenya na Ethiopia ziliunganishwa mwaka 2022. Kusini, Zambia imeunganishwa tangu zamani na Zimbabwe, na Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Kipande kinachokosekana katikati ni hiki chetu, pamoja na kile cha Zambia kutoka Nakonde kupitia Kasama. Kikikamilika, ushirika wa umeme wa mashariki, ulioanzishwa mwaka 2005, utashikana mkono na ule wa kusini ulioanzishwa mwaka 1995. Na mahali pa kushikana mkono ni hapa, penye soko la mahindi.

Lakini tusidanganyike. Waliofungwa kamba moja, mmoja akianguka huweza kuwavuta wenzake. Hitilafu ya nchi moja yaweza kuzima taa za nchi nyingine, kama mitambo ya ulinzi haikuwekwa vizuri. Tena mwenye kuuza chakula chote cha ghala kwa sababu bei ni nzuri, atalia mwezi wa Januari. Wakulima wa Songwe wanalijua jambo hilo kwa mahindi. Wapanga umeme nao hawana budi kulijua kwa megawati.

UMEME WA CHINI YA MIGUU YETU

Sharti niseme pia kwamba mkoa wetu si njia tu ya kupitisha vya wengine. Makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo yako Ileje. Mto Songwe wa mpakani umefanyiwa mpango na nchi mbili, Tanzania na Malawi, wa kujenga bwawa la kutoa umeme wa megawati kama 180 na kumwagilia mashamba. Na kwa jirani zetu wa Rungwe, joto la ardhi la Ngozi linachunguzwa lipate kuendesha mitambo. Haya yote ni mbegu zilizo mkononi, hazijawa mavuno. Ila mwenye kupanga kwa miaka 20 huzihesabu.

JIBU KWA MZEE

Sasa narudi kwa mzee wangu wa Nkangamo. Umeme ule ni wa nani?

Mzee, kwanza nikuambie kweli: ule waya mkubwa wenyewe hautawasha taa yako. Hakuna awezaye kuunganisha nyumba na volti 400,000. Waya ule ni barabara kuu, na nyumba yako iko kwenye njia ya miguu. Ndiyo maana kuna kituo cha kupozea. Hapo umeme hushushwa msukumo mpaka volti 33,000, ukatawanywa vijijini, ukashushwa tena na transfoma mpaka 230 za nyumbani. Bila njia za miguu, barabara kuu huwanufaisha wapitao tu. Na bila barabara kuu, njia za miguu hukauka kama mifereji isiyo na chemchemi.

Njia za miguu ni kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Ulianza na vijiji, na sasa kazi kubwa imehamia vitongojini, ambavyo nchi nzima ni zaidi ya 64,000. Kijiji chaweza kuhesabiwa kuwa kina umeme, na kitongoji chako bado kikawa gizani. Hapo mzee ana haki ya kuuliza, na mahali pa kuuliza ni mkutano wa kijiji, kwa mwenyekiti na diwani, kwa maneno ya adabu lakini bila kuchoka. Kitongoji kinachonyamaza huandikwa mwisho.

Basi, wazazi, nawapa mashauri manne.

La kwanza, hesabiweni. Kila mpango wa umeme huanza na hesabu ya watu na kazi zao. Watu 10 wanaotaka kuweka mashine ya kusaga, karakana ya kuchomea vyuma, au kinu cha kahawa, wakienda pamoja kuomba, hutazamwa kwa jicho jingine kuliko kumi wanaotaka taa moja moja.

La pili, umeme ukifika, uleteni kazini. Taa ya mtoto kusomea ni baraka kubwa, wala siidharau. Lakini umeme ukiishia kwenye taa na muziki wa baa, utawala fedha yako. Ukisaga, ukirandisha mbao, ukivuta maji, ukitotoa vifaranga, utakurudishia.

La tatu, anayepitiwa na mkuza wa njia ya umeme ajue haki zake. Katika mkuza hairuhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu, kwa hiyo ni hasara ya kweli. Sheria za ardhi za mwaka 1999 na kanuni zake zinataka mtu alipwe thamani ya ardhi na ya vilivyomo, pamoja na posho ya usumbufu na nyinginezo, na malipo yakichelewa yaongezwe riba. Mthamini akija, baba na mama wawepo wote wawili. Hesabuni miti pamoja naye. Msitie sahihi karatasi msiyoisoma, na nakala itunzwe mahali pakavu. Na fedha ikija, kabla ya pikipiki na harusi, nunueni kwanza shamba la kufidia lile lililokwenda.

La nne, tunzeni. Kuna watu wanaoiba mafuta ya transfoma, na wengine hufungua vyuma vya minara wakauze vyuma chakavu. Wanaiba taa ya wodi ya wazazi na maji ya shule. Tena tunzeni vyanzo vya maji. Mito ya milima ya Mbeya hushuka Usangu, huingia Ruaha, hufika Mtera na Kidatu, na mwisho Rufiji. Anayechoma msitu wa mlimani anazima taa ambayo hajaiona.

Mzee aliposhuka, alisimama kando ya barabara akatazama minara juu, mkono ukiwa juu ya macho kwa sababu ya jua. "Haya, mwanangu," akaniambia, "mimi nimekwisha toa shamba. Waambie nao watoe waya." Basi likaondoka. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, ili wale wanaoandika mipango ya mwaka 2044 wayasome, na ninyi wa vitongojini myarudie mkutanoni bila haya.